SHERIA YA SAMAKI NI YA NANI?
Historia ya adhabu na ulinzi wa mito katika Pwani yetu

Utangulizi

Msimbu ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Maji ya vilima vya Kisarawe na Pugu hugawana njia. Mengine huenda mashariki na kuwa mito ya Msimbazi, Kizinga na Mzinga, ambayo huingia Bahari ya Hindi huko Dar es Salaam. Mengine huteremka magharibi na kujiunga na mto Ruvu, unaotoka milima ya Uluguru, ukapita Kibaha na kuishia baharini upande wa Bagamoyo. Samaki wa maji haya ni kambare, perege na wengine wadogo wa kitoweo. Hakuna kampuni inayowasafirisha nje, wala hakuna mtalii anayewafuata. Ni samaki wa mnyonge.

Kwa sababu hiyo hiyo wanafaa kuchunguzwa. Penye dhahabu na pembe za ndovu kila mtu huiona vita ya mali. Katika samaki wa kitoweo vita hiyo hujificha, na sheria huonekana kama jambo la utaratibu tu. Makala hii inauliza swali moja: mtu akikamatwa mtoni na samaki asiotakiwa kuwavua, amemkosea nani? Historia imetoa majibu matatu. La kwanza, amemkosea bwana mwenye mto. La pili, amemkosea serikali. La tatu, amewakosea wenzake wanaoishi kwa mto huo na watoto watakaoutumia baada yao. Majibu mawili ya kwanza yalizaa adhabu kali na ulinzi dhaifu. La tatu limekwisha kuandikwa katika sheria zetu, lakini katika matendo bado tunaishi zaidi na la pili. Tofauti hiyo baina ya maandishi na matendo ndiyo inayomhusu kada.

Kabla ya sheria iliyoandikwa

Wakazi wa mabonde ya Pwani walivua kwa migono iliyosukwa kwa vijiti, kwa nyuzio za kuziba mkondo, kwa ndoana na kwa mikuki. Katika kiangazi, mto ulipokatika ukabaki mabwawa, yalitumika pia majani ya utupa. Yalipondwa, yakatiwa majini, samaki wakalewa na kuelea. Mbinu hiyo ilijulikana katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Mtu wa leo anaweza kusema mara moja kwamba huo ulikuwa uvuvi haramu. Inafaa tuchambue kwanza. Utupa uliwekwa katika bwawa linalokauka, ambamo samaki wengi wangekufa kwa vyovyote. Sumu yake hupungua nguvu upesi kwenye maji na jua. Tena, katika jamii nyingi, kuvua bwawa ilikuwa kazi ya watu wengi kwa siku moja, si ya mtu mmoja usiku. Aliyekwenda peke yake kabla ya wenzake alijulikana, na aibu yake ilimfuata nyumbani. Mlinzi wa mto alikuwa ni yule yule anayeutumia.

Hata hivyo tusiipambe historia. Mito ililindwa na mila, lakini ililindwa pia na uchache wa watu na udhaifu wa zana. Hapakuwa na nyavu za nailoni, wala dawa za kuulia wadudu, wala mji wenye mamilioni ya walaji. Kwa hiyo anayedai kwamba dawa ya leo ni kurudi tu kwenye mila, hajaona ukubwa wa tatizo. Tunachoweza kujifunza kutoka enzi hiyo ni kanuni moja: ulinzi uliofaa ulikuwa wa watu waliokuwa na haki ya kuvua.

Sheria ya mabwana

Sheria zilizoletwa kwetu na Waingereza zilikuwa na historia yake ndefu, na ni lazima kada aifahamu. Magna Carta ya mwaka 1215 husifiwa kama chanzo cha uhuru wa Waingereza. Sura yake ya 33 iliamuru nyuzio za kunasia samaki ziondolewe katika mito ya Thames na Medway na kote Uingereza, isipokuwa pwani ya bahari. Nyuzio hizo zilikuwa zikiziba njia ya vyombo. Miaka zaidi ya mia nane iliyopita, basi, mto ulikuwa tayari uwanja wa mgongano baina ya watu wenye mahitaji tofauti.

Kadiri ardhi ilivyoingia mikononi mwa watu wachache, mgongano huo ulizidi kuwa mkali. Mwaka 1723 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyojulikana kama Sheria Nyeusi, kwa kuwa wawindaji wa siri walijipaka masizi usoni wasitambuliwe. Sheria hiyo ilitoa adhabu ya kifo kwa makosa yapatayo 50. Miongoni mwake yalikuwamo makosa ya kuiba samaki na ya kubomoa ukingo wa bwawa la samaki la tajiri. Mwanahistoria E. P. Thompson alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1975 jinsi sheria hiyo ilivyotumika kulinda mashamba na mapato ya tabaka la watawala dhidi ya wanakijiji waliodai haki zao za zamani. Sehemu yake kubwa ilifutwa mwaka 1823. Kwa karne nzima kitanzi kilining'inia, na wizi wa samaki haukuisha.

Ujerumani nako hali ilifanana. Mwaka 1842 Karl Marx, akiwa kijana mwandishi wa gazeti la Rheinische Zeitung, aliandika mfululizo wa makala kuhusu sheria ya wizi wa kuni. Maskini waliokuwa wakiokota kuni zilizoanguka, kama walivyofanya wazee wao, walikuwa wanageuzwa kuwa wezi kwa kalamu ya wabunge wenye misitu. Baadaye Marx mwenyewe alieleza kwamba suala hilo ni miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kuanza kuchunguza uchumi. Kuni au samaki, hoja ni moja: kabla ya kuuliza mwizi aadhibiwe vipi, tuulize kwanza nani alimfanya awe mwizi.

Sheria ya mkoloni

Wajerumani walipotawala Tanganyika walianza na wanyama na misitu. Amri ya uwindaji ilitolewa mwaka 1896, na misitu ya mikoko ya Rufiji ilichukuliwa na serikali kabla karne hiyo haijaisha. Msimamizi wa amri alikuwa akida, na kwa wananchi utawala wa Kijerumani uliacha jina la "hamsa ishirini", yaani viboko 25. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipoanza, Uzaramo na Rufiji zilikuwamo. Kodi na pamba ya kulazimishwa vilikuwa sababu kubwa, lakini kunyang'anywa msitu na windo kulizidisha uchungu huo.

Chini ya Waingereza, sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 ilifanywa kuwa msingi wa mahakama za Tanganyika. Hapo ndipo mawazo ya mabwana wa Thames yalipofika Ruvu, ingawa yalibadilishwa sura. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana. Kanuni ya Adhabu nayo ilieleza kwamba mnyama wa porini aliye huru hawezi kuibwa, isipokuwa mzoga wake. Kwa mantiki hiyo samaki anayeogelea mtoni si mali ya mtu. Kosa la mvuvi basi halikuwa wizi. Lilikuwa ni kukiuka amri: kukosa leseni, kutumia chombo kilichokatazwa, kuvua mahali palipofungwa. Bwana mwenye mto aliondoka, na mahali pake likakaa jibu la pili, yaani ofisi ya serikali.

Kwa samaki wa aina gani basi ofisi hiyo ilikuwa na haraka? Mfano ulio wazi ni trauti. Samaki huyo hakuwa wa kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Uskoti na kuyatia katika mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya. Baadaye trauti wakapandikizwa pia katika mito ya nyanda za baridi za Tanganyika. Madhumuni yake makubwa yalikuwa burudani ya mzungu mwenye fimbo, ndoana ya manyoya na leseni. Kwa ajili ya samaki huyo mgeni ilitungwa sheria maalumu ya ulinzi. Mkulima wa mlimani aliyetega mgono katika mto wa babu yake alijikuta ni mhalifu, na aliyevua kwa kujifurahisha akawa mhifadhi.

Katika mabonde ya joto kama ya Kisarawe, ambako trauti hawaishi, mkoloni alitumia utawala usio wa moja kwa moja. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watemi, majumbe na maakida uwezo wa kutoa amri ndogo ndogo, zikiwamo za kuzuia kuchafua maji ya mito. Faini zilizotozwa katika mahakama zao ziliingia katika hazina za wenyeji. Lengo la amri lilikuwa jema mara nyingine. Lakini mwenye kuitoa hakuchaguliwa na watu, na faini ilikuwa pato. Mwananchi alijifunza kwamba sheria ya mto ni kitu kinachotoka juu, na kwamba dawa yake ni kumkwepa tarishi. Fikra hiyo haikuondoka siku bendera iliposhushwa.

Sheria ya taifa huru

Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Uvuvi, Namba 6, iliyochukua nafasi ya sheria za kikoloni. Mwaka 1974 ilikuja Sheria ya Matumizi ya Maji, Namba 42, iliyotamka kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Mwaka 1982 zilitolewa Kanuni za Uvuvi kuhusu baruti, sumu na uchafuzi wa maji. Mwaka 2003 Sheria ya Uvuvi, Namba 22, ilichukua nafasi ile ya 1970 na kuongeza ukali wa adhabu kwa baruti na sumu.

Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Kwanza, hapakuwa tena na samaki wa mzungu na samaki wa mwenyeji. Pili, sheria sasa ilitazama uzazi wa samaki: ukubwa wa tundu la nyavu, zana za maangamizi, mahali pa mazalia. Tatu, na hili ni kubwa, kanuni za 1982 ziliweka pamoja mtu wa baruti, mtu wa sumu na mtu wa maji machafu. Mbele ya kanuni hizo, anayetia sumu ili apate samaki na anayemwaga sumu ili kupunguza gharama za kiwanda ni ndugu wawili.

Lakini chombo cha kutekeleza kilibaki na umbo la kale. Leseni ilitoka ofisini, ofisa alikuwa mbali, na kijiji kilisubiri. Zaidi ya hayo, baadhi ya hatua zetu wenyewe zililegeza ulinzi wa mito. Mwaka 1969, baada ya mafuriko ya 1968, wananchi wa bonde la Rufiji walihamishiwa kwenye miinuko. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwapeleka mamilioni ya watu kando ya barabara. Shabaha ilikuwa kuwafikishia shule, maji na zahanati. Hata hivyo mtu aliyehamishwa mbali na mto huacha kuwa shahidi wa yanayotendeka mtoni. Halmashauri za wilaya nazo zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Kwa miaka hiyo yote hapakuwa na baraza la wilaya la kuchaguliwa ambalo lingetunga sheria ndogo ya mto.

Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilikipa kijiji hadhi ya kisheria na halmashauri yake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 ilikipa uwezo wa kutunga sheria ndogo: halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu hujadili, halmashauri ya wilaya huidhinisha. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ikatambua vikundi vya wananchi vya kusimamia mialo na rasilimali za uvuvi. Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu alinde maliasili ya taifa. Jibu la tatu, basi, limo katika vitabu.

Somo la operesheni

Kwa nini halimo mtoni? Kwa sababu kila hali inapokuwa mbaya tunakimbilia operesheni, na operesheni ni jibu la pili lililovaa buti. Tuangalie mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni Ziwa Viktoria. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hilo, baada ya habari kwamba baadhi ya wavuvi walitumia dawa za kuulia wadudu wa mashamba. Hiyo haikuwa tena sumu ya utupa. Ni sumu ya dukani, inayokaa katika maji na katika mwili wa mlaji. Makosa ya wachache yaliwaumiza maelfu wasiokuwa na hatia. Baada ya pigo hilo ndipo vikundi vya wananchi vya ulinzi wa mialo vilipotiliwa mkazo. Lakini mwaka 2018 ilifanyika operesheni kubwa ya kuteketeza nyavu na kutoza faini, na malalamiko ya wavuvi yalifika hadi Bungeni.

Mfano wa pili ni wa baruti katika mwambao. Tangu mwaka 1994 mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga uliwashirikisha wanavijiji katika doria na maamuzi, na milipuko ilipungua. Ulinzi ulipolegea, milipuko ilirudi. Kuanzia mwaka 2015 kikosi cha pamoja cha vyombo vya dola kiliwafuatia wasambazaji wa baruti, na hali ikawa nafuu tena. Hapa tunapata mafunzo mawili yasiyopingana. Kijiji peke yake hakiwezi kuukata mnyororo wa biashara ya baruti unaoanzia mbali. Na dola peke yake haiwezi kukaa kila ufukwe kila usiku.

Mfano wa tatu si wa samaki, lakini unatufaa. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ililenga majangili wa tembo, na tembo kweli walikuwa wanamalizwa. Lakini raia waliteswa, mali zikaharibiwa, na watu wakapoteza maisha. Bunge lililalamika, operesheni ikasimamishwa, na mawaziri wanne waliondolewa mwezi Desemba mwaka huo. Nia njema haikutosha. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umekwisha kuwaonya viongozi juu ya ubabe kwa wananchi. Onyo hilo linawahusu hata wanaoshika bunduki kwa ajili ya kulinda maliasili.

Nani anaua mto?

Turudi Kisarawe. Tuseme kijana amekamatwa kijitoni na dawa ya mashamba na kambare kumi. Amekosa, na haifai kumtetea. Watoto wanachota maji hapo hapo, ng'ombe wanakunywa, na samaki wadogo wote wa mwaka ule wamekufa pamoja na wale kumi. Umaskini unaeleza kitendo chake, lakini hauwatoi sumu watoto wa jirani yake. Asiyeliona hilo anamtetea mnyonge mmoja dhidi ya wanyonge mia.

Lakini tuufuate Msimbazi kuteremka. Unatoka vilima vya Pugu ukiwa safi, unaingia mjini, na huko unapokea maji machafu ya viwanda, ya machinjio, ya vyoo na ya taka za mitaani. Kandokando yake watu hulima mchicha na kuuuza mjini. Katika sehemu za chini za mto huo habari ya samaki ni ya kusimuliwa na wazee. Hakuna wingi wa migono wala utupa ambao ungeweza kufanya hivyo. Sheria ilikuwapo: viwango vya maji machafu viliwekwa mwaka 1981, kanuni za uvuvi 1982, Baraza la Mazingira 1983, Sheria ya Mazingira 2004, Sheria ya Rasilimali za Maji 2009. Tofauti iko katika namna ya kumkamata mkosaji. Kijana hukamatwa akiwa na ushahidi mkononi. Maji ya bomba la kiwanda yanataka mtaalamu, maabara, barua na wakili. Kwa hiyo sheria moja, bila mtu yeyote kuamua iwe hivyo, humwangukia asiye na kitu na kumpita mwenye nacho. Hatuna tena Sheria Nyeusi ya 1723, lakini tusipoangalia tunaweza kupata matokeo yake kwa njia ya uzembe.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa. Mto huanza kufa kabla ya kuwa mto. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ndiyo chemchemi ya maji haya, na kwa miaka mingi imekatwa kwa ajili ya mkaa wa kupikia Dar es Salaam. Ruvu nao ndio unaonywesha jiji hilo, kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwanakijiji wa Kisarawe anapoambiwa asikate, asivue, asichafue, anatunza maji ya mji mzima. Ni haki aulize mji nao unatunza nini chake.

Wajibu wa kada

Kutokana na uchambuzi huu tunaweza kutaja wajibu wa aina nne.

Kwanza, kada aijue sheria na aieleze kwa lugha ya watu. Mwananchi hawezi kuheshimu kanuni asiyoisikia mpaka siku ya kukamatwa. Aeleze pia sababu: kwa nini tundu dogo la nyavu linaua mwaka unaokuja, na kwa nini dawa ya mashamba si utupa wa babu.

Pili, mkutano mkuu wa kijiji utumike. Sheria ndogo ya kijito, yenye msimu wa kupumzisha maji, zana zinazoruhusiwa na adhabu inayolingana na kosa, ikijadiliwa na wavuvi wenyewe, itakuwa na walinzi mia. Mapato ya faini yasomwe hadharani, ili faini isiwe biashara ya mlinzi.

Tatu, adhabu zipangwe kwa uzito wa madhara. Mwenye mgono bila leseni aelekezwe. Mwenye sumu afikishwe mahakamani. Anayemuuzia sumu, na anayenunua samaki huku akijua walivyovuliwa, wafuatwe. Mwenye bomba apimiwe maji yake kila mara, na majibu ya vipimo yawafikie wanaoishi chini ya bomba hilo.

Nne, vijiji vya juu na mitaa ya chini ya mto mmoja vikutane. Mipaka ya Kisarawe, Kibaha na Dar es Salaam ni ya utawala, nayo maji hayaijui. Mtu wa Msimbu na mtu wa Jangwani ni majirani ingawa hawajaonana.

Mabwana wa Uingereza walikuwa na kitanzi, na samaki waliibwa. Mkoloni alikuwa na tarishi, na watu wakamkwepa. Sisi tuna sheria nzuri kuliko zao wote. Tutapimwa si kwa idadi ya nyavu tulizochoma, bali kwa jambo dogo linaloonekana kwa macho: kama mtoto wa Kisarawe atakayezaliwa mwaka huu atamwona kambare katika kijito cha kwao, na kama atakuwa na haki ya kumvua.